Chumba Kilichokuwa Jiko

Sehemu ya sita

Baadhi yenu mmeniandikia wiki hii. Mmoja ameniita mkaidi. Mwingine amesema mwanamke wa umri wangu anayevunja jiko lake mwenyewe anahitaji maombi, si fundi. Barua zenu nimezisoma zote, na sina cha kukanusha.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo ni haya. Mimi ni mjane, nimestaafu kazi ya kufua, kupiga pasi na kutandika mashuka ya hospitali. Naishi peke yangu katika fleti ya ghorofa ya pili, yenye sebule na chumba kimoja cha kulala. Mwanangu wa pekee yuko mji mwingine na mkewe na binti yao mdogo. Kila nikimpigia kumwomba wahamie kwangu, jibu lake ni lile lile: "Tungekuja, mama, lakini chumba ni kimoja. Tutalala wapi?"

Basi nikaamua kumtafutia pa kulala. Wiki jana niliishia pale fundi aliposhusha nyundo ya kwanza kwenye vigae vya jiko langu, na upande wa pili wa ukuta mtu akagonga.

Fundi akaacha kazi, akanitazama.

"Jirani amekasirika," alisema.

Huyu fundi namwita Fundi Kesho, kwa sababu ndilo neno alipendalo kuliko chakula. Lakini siku akija, amekuja. Wazo la kuhamisha jiko lilikuwa lake. Mimi nilitaka sebule ikatwe katikati, yeye akatikisa kichwa.

"Hapo hakuna dirisha, mama. Chumba bila dirisha ni stoo. Unataka kumlaza mwanao stoo?"

"Sitaki."

"Jiko lina dirisha. Jiko lihame, mtu alale."

"Na maji?"

"Maji safi nitayapeleka popote utakapo. Maji machafu ndiyo yenye kiburi, yanataka mteremko. Ila ukuta wa bafu umetazama sebuleni. Sinki tutaliegemeza hapo, uchafu ushukie bafuni. Hutapungukiwa na kitu."

Ndivyo alivyosema, na mimi nikaamini kwamba sitapungukiwa na kitu.

Akainua nyundo tena. Akapiga mara tatu, kigae kikaanguka. Upande wa pili wakagonga tena.

"Leo jirani yako amechachamaa," alisema fundi.

Hapa inabidi niwaambie habari za ukuta ule.

Upande wa pili anaishi mwanamke mzee ambaye jengo zima linamwita Mkunga, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mpaka mgongo ulipokataa. Masikio yake ni mazito. Siku moja, miaka mingi nyuma, maji yalikatika, akagonga ukuta wa jiko kutaka kujua kama mimi ninayo. Nikagonga kumjibu, nikampelekea ndoo. Kesho yake maji yalikuwa yamerudi, lakini asubuhi nikiinjika chai nikasikia tena, ko ko. Nikajibu kwa mgongo wa kijiko, ko ko. Tangu siku hiyo hatukuacha.

Yeye anauliza, umeamka? Mimi najibu, nimeamka. Basi.

Hatukuwa tunatembeleana. Yeye hapendi kusumbua watu, nami sipendi kuonekana nasumbua. Ngazini ni habari za leo, nzuri, kila mtu na mfuko wake wa soko. Lakini kuna siku nyingi, nawaambia ukweli, ambazo ile ko ko ndiyo sauti pekee iliyoelekezwa kwangu tangu kuche mpaka kuchwe.

Sasa mtu huyo alikuwa anagonga kwa hasira, na mwenye makosa ni mimi.

Nilitaka kwenda kumwomba radhi. Nikafika mpaka mlangoni, nikaona haya, nikarudi. Nikamwambia fundi aharakishe, amalize. Yeye akipiga, kule wanagonga. Akipiga, wanagonga. Ikawa hivyo mchana kutwa, mpaka nikaenda kukaa bafuni nisisikie.

Asubuhi iliyofuata chai niliipikia kwenye kona mpya ya sebule, karibu na ukuta wa bafu. Kona ile haipakani na mtu. Nikashika kijiko, nikatazama huku na huku, nikakoroga sukari.

Ningeweza kuingia kwenye vumbi la jiko la zamani nikagonga. Sikwenda. Nilijiambia mtu aliyekasirika hagongewi, ataona namkejeli. Asubuhi ya pili nikajiambia hivyo hivyo. Ya tatu sikujiambia kitu.

Na mawazo yangu yote, kusema kweli, yalikuwa kwa mwanangu.

Fundi Kesho alisimamisha ukuta wa mbao nyembamba pale jiko lilipokuwa wazi upande wa sebule, akatia mlango na kitasa. Matundu ya mabomba akayaziba. Akapaka rangi. Mimi nikaingiza kitanda kikubwa na godoro dogo la mjukuu. Mashuka niliyatandika kama tulivyofundishwa kule kazini, kona zimekunjwa hadi sarafu ingedunda juu yake.

Tatizo lilikuwa moja, harufu. Miaka yote ile ya kukaanga ilikuwa imeingia kwenye ukuta na haikutaka kutoka. Fundi alipaka tena, na tena. Ukifunga dirisha kidogo tu, unasikia vitunguu.

Nikampigia dada yangu mkubwa kumwomba shauri.

"Harufu haitoki," nilimwambia.

"Mwanao akilala humo ataota anakaangwa."

"Nakuuliza jambo la maana, dada."

"Nami nakujibu la maana. Umemwambia kwamba unajenga?"

"Nataka kumshangaza."

Aliguna. Dada yangu akiguna ujue kuna jambo.

"Mdogo wangu," alisema, "mtu akikwambia angekuja lakini hana viatu, usikimbilie dukani. Kwanza muulize kama anataka kuja."

Nikamwambia ana roho mbaya, nikakata simu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilivunjika Jumapili hiyo hiyo.

Nilikaa kwenye kile kitanda kipya, dirisha wazi, nikampigia mwanangu.

"Chumba kiko tayari," nilisema.

"Chumba gani, mama?"

"Chumba chenu. Kina dirisha. Nimehamisha jiko."

"Umehamisha jiko?"

"Si ulisema mngekuja kama pangekuwa na chumba?"

Nikamsikia anatembea, nikasikia mlango unafungwa, maana yake hakutaka mkewe asikie.

"Mama," alisema, "mimi nilikuwa nasema hivyo nisikuvunje moyo."

Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia hamna neno, chumba si kitu cha kuoza. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. Akasema anaendelea vizuri. Sauti ya mkewe ikasikika kwa mbali ikiuliza ni nani, naye akajibu, "Ni mama," kisha akaniambia atanipigia baadaye.

Nililia, sitawaficha. Nililia nikiwa nimekaa ukingoni, nisiharibu kona za shuka.

Nimefanya kazi miaka mingi kuandaa vitanda vya watu nisiowajua, na kila kitanda kilipata mtu. Kitanda nilichomwandalia mwanangu ndicho kilichokosa wa kukilalia. Na uchungu ulizidi nilipokumbuka kwamba hakunidanganya kwa ubaya. Alinidanganya kwa adabu, na adabu hiyo nilimfundisha mimi.

Machozi yalipokatika nikaona ukuta uko mbele ya macho yangu. Ukuta ule ule, umepakwa rangi ya maziwa.

Nikagonga. Ko ko.

Hakuna.

Nikagonga tena, kwa nguvu. Nikaweka sikio. Kule ng'ambo kulikuwa na kitu kinaburutwa sakafuni.

Mara hii haya haikunizuia. Nikatoka na kandambili, hata kitambaa cha kichwani nikakisahau. Mlango wa Mkunga ulikuwa wazi, maboksi yamepangwa ukumbini, na mwanamume mnene anafunga godoro kwa kamba. Mkunga mwenyewe alikuwa amekaa juu ya begi, mikono mapajani.

Aliponiona akafungua macho.

"Umerudi, binti?"

Ni yeye pekee duniani anayeniita binti. Wengine wameacha zamani.

"Sijaenda popote, mama."

"Umehama wewe."

"Sijahama."

"Siku ile uliponiaga?" Alikuwa anasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiosikia vizuri. "Mchana kutwa ulinigongea. Mimi masikio yamekwisha, lakini ukuta nausikia kwa kiganja. Nikasema, leo huyu binti ananisalimia mno, kuna jambo. Nikakujibu kila mara mpaka mkono ukaniuma. Kesho yake kimya. Nikajua ilikuwa kwaheri, umeenda kwa mwanao."

Nilishikwa na butwaa pale mlangoni.

"Mama, ile ilikuwa nyundo ya fundi."

"Ya nani?"

"Ya fundi. Tulikuwa tunavunja vigae."

Akafikiri. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Basi nimeagana na fundi," alisema.

Nami nikacheka na machozi yangu. Kumbe siku ile nilipokimbilia bafuni kwa aibu, mwenzangu alikuwa anaumiza kiganja chake kunijibu.

Yule mnene hakucheka. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake aliyekwisha fariki.

"Mama, nikueleze," aliniambia. "Nilikubali mama mkubwa aishi hapa peke yake kwa sababu moja tu. Aliniambia kuna jirani anayemgongea kila asubuhi. Siku asipojibu, jirani atakuja kumwangalia. Basi nikawa nalala usingizi. Juzi ananiambia jirani kahama, ukuta kimya. Sasa akianguka bafuni, nani atajua?"

"Mimi nipo."

"Ulikuwepo siku zote hizi?"

"Nilikuwepo."

"Na hukugonga."

Nilitazama maboksi. Alikuwa anampeleka kwake, safari ya kutwa nzima kwa basi. Na chumba chake mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine, alisubiri funguo tu.

Nikahesabu watu nilionao duniani. Haikuchukua muda.

"Asiende," nilisema. "Ahamie kwangu. Nina chumba."

Mpwa akaniangalia kuanzia kandambili mpaka nywele. "Chumba cha nani?"

"Hakina mtu."

Maneno hayo mawili yaliniuma kuyatamka kuliko yote niliyoyasikia kwenye simu. Lakini yalikuwa kweli.

Mkunga alitaka arudiwe maneno karibu na sikio. Alipoelewa, hakufurahi haraka haraka kama nilivyotaraji. Alinishika mkono.

"Na mwanao akija?"

"Haji, mama. Kaniambia mwenyewe, leo hii."

"Mimi nimepokea watoto wengi, binti. Sijaona hata mmoja aliyekuja siku aliyopangiwa."

"Huyu ni mtu mzima, si mtoto mchanga. Amesema haji."

"Haya," alisema. "Lakini siku akija, uniambie. Usinifiche kwa kunionea huruma. Sipendi kukalia kiti cha mtu."

"Nitakwambia. Nawe nakuahidi jambo moja. Hutagonga tena ukakosa jibu."

Ahadi ile niliitoa mbele ya mpwa wake, naye akafungua kamba ya godoro.

Msomaji wangu, nisikilize vizuri sasa, maana watu hudhani wapweke huandika habari za huzuni tu. Siku zilizofuata nilikuwa na raha mpaka nikaona aibu.

Kulikuwa na vikombe viwili kwenye sinki. Kulikuwa na mtu wa kulalamikia chumvi. Siku ya kwanza alipoamka akaniambia, "Humu nimelala kama kitoweo," nami nikamwambia harufu ni ya bure, ashukuru. Alinifundisha kulala na mto chini ya magoti. Mimi nilimfundisha kukunja kona za shuka, akasema ni upuuzi, shuka linalaliwa na miguu na si macho.

Asubuhi alikuwa akigonga. Ndiyo, ndani ya nyumba moja. Tulikuwa tumetenganishwa na mbao nyembamba tu na angeweza kufungua mlango akasema habari za asubuhi, lakini aligonga, ko ko, na mimi kwenye jiko langu jipya nikajibu kwa mgongo wa kijiko. Hapo ndipo siku ilipoanza.

Nilimpigia dada yangu kumwomba msamaha. Akasema, "Basi chumba kimepata mtu wake." Nikaamini yamekwisha. Mimi ni mtu wa kuamini upesi, mmekwisha kuniona.

Ilikuwa alasiri, Mkunga amejipumzisha chumbani, mimi nimeinjika chai. Mlango ukabishwa.

Nikafungua na kijiko mkononi.

Mwanangu alikuwa amesimama pale. Ndevu hajanyoa. Bega moja lina begi, la pili limelaliwa na mjukuu wangu, na chini ya miguu yake kuna sanduku kubwa lililofungwa mkanda kwa kuwa zipu ilikuwa imekufa.

Hakusema shikamoo. Nami sikuikumbuka.

"Tuko wawili tu, mama," alisema. "Kwa leo usiniulize."

Sikumuuliza. Sura ile nilikuwa nimeiona kwake mara moja tu maishani, siku tulipomzika baba yake. Nikawavuta ndani wote wawili, nikamshusha mtoto. Akaamka, akanitazama kwa yale macho ya mtu anayenijua kwa picha. Sebule yangu akaizungushia macho, akaona sufuria, sinki, kiti, na ule mlango mpya.

Mwanangu naye aliuona. Akauendea, akapitisha mkono kwenye mbao, taratibu. Mabega yakamshuka.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Kweli ulikijenga." Aliifuta pua kwa mkono wa shati kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Mimi nikakujibu vile, na wewe ulikuwa umekwisha kujenga. Mama, sina pengine. Njia nzima nilikuwa namwambia mtoto, usilie, bibi ametutengenezea chumba."

Ningemwambia pale pale. Nilifungua mdomo. Lakini ningeanza na neno gani? Kwamba nilichomjengea nimempa mtu mwingine, na mtu huyo amerudisha funguo zake, hana mlango mwingine wa kufungua? Au kwamba kitanda anachokiota tangu asubuhi ndani ya basi kina mwanamke mzee aliyelala na mto chini ya magoti?

Ko ko.

Ilitoka ndani, chini kidogo ya mkono wa mwanangu. Akaruka nyuma kana kwamba mbao imemuunguza.

"Nani yuko humo?"

Yeye alinitazama mimi, mimi nilitazama mlango.

"Mama. Kuna nani kwenye chumba?"

Ko ko. Mara hii kwa nguvu zaidi. Tangu ahamie kwangu hakuwahi kurudia. Nilikuwa nimemwahidi.

Mjukuu wangu hakuogopa. Alikuwa amesogea, amekaza macho kwenye kijiko.

"Bibi," aliuliza, "anataka nini?"

"Anataka kujibiwa."

"Mbona humjibu?"

Mtoto huyu nilikuwa sijazungumza naye maneno kumi tangu azaliwe, na hilo ndilo swali alilokuja nalo. Nikampa kijiko.

"Kigeuze mgongo. Gonga mara mbili."

Akagonga, ko ko, akacheka.

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka.

Mkunga alikuwa amevaa viatu. Amejifunga kitambaa chake cha safari, na kitanda nyuma yake kimetandikwa upya, kona zimekunjwa vile nilivyomfundisha na yeye akaita upuuzi. Begi lake lilikuwa mkononi, limefungwa. Dirisha la chumba kile linatazama uani, na uani ndipo teksi huwashusha watu.

"Niliwaona wakishuka," aliniambia kwa ile sauti yake kubwa. "Nikagonga nione kama utaniambia."

Kisha akamtazama mwanangu, akamtazama vizuri, kama watu wa kazi yake wanavyomtazama mtu anayeumwa.

"Karibu, baba. Chumba chako kinanuka vitunguu, utazoea." Akanigeukia mimi. "Mpigie mpwa wangu simu, binti."

Mwanangu aliweka mkono juu ya sanduku. Sikujua kama anataka kuliingiza au kulibeba arudi nalo. Chai ilikuwa inafurika jikoni.

Na mjukuu wangu, kijiko mkononi, alikuwa amesimama katikati ya mlango, hajui ampishe nani.